Chumba cha Barabarani, cha Mlimani au cha Ziwani? Ulinganisho wa hewa ya ndani kwa anayepanga Mwanza

Dalali wa vyumba Mwanza atakutajia maji, luku ya peke yako, choo cha ndani, fensi, na dakika ngapi kwa miguu hadi kituo cha daladala. Hewa haimo kwenye maelezo yake. Ukimuuliza, atanyoosha mkono kuelekea ziwani: "Bosi, hapa ni upepo tu." Upepo kweli upo. Cha kuuliza ni unatokea upande gani na umepita juu ya nini kabla ya kuingia dirishani, kwa sababu katika nyumba zetu nyingi hewa ya ndani ni ile ile ya nje iliyochelewa kidogo.

Ulinganisho huu ni wa mtu anayetafuta pa kupanga huku ana sababu ya kujali anachovuta: kuna kichanga ndani ya nyumba, au mzee mwenye matatizo ya moyo, au mwenye pumu, au umechoka tu kukohoa kila kiangazi. Nitaanza na mahali, halafu madirisha, halafu vifaa vinavyouzwa madukani. Mpangilio huo una maana. Kwa kadiri ninavyoona, watu hutumia fedha nyingi kwenye la tatu na hawafikirii kabisa la pili.

Vumbi unaloliona na lile usiloliona

Vumbi jekundu unalofuta mezani kila asubuhi ni chembe kubwa. Chembe yenye upana wa maikromita 10 (maikromita 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita), chumba kikiwa kimetulia, hushuka kutoka darini hadi sakafuni, tuseme mita 3, kwa muda wa robo saa hivi. Inachafua, inawasha pua, lakini inatua. Chembe ya maikromita 2.5 huhitaji zaidi ya saa 4 kushuka mita hizo hizo. Kundi hilo, kuanzia 2.5 kushuka chini, ndilo wataalamu wanaliita PM2.5. Moshi wa dizeli na wa mkaa ni mdogo zaidi, sehemu kubwa yake haifiki hata maikromita 1, na huo haushuki wenyewe kwa siku nzima. Utatolewa na upepo au utaganda kwenye kuta na mapazia. Unywele wa kichwani, kwa kulinganisha, una unene wa maikromita 70 hivi.

Kwa hiyo meza safi si ushahidi wa hewa safi. Hizo ndogo ndizo zinazofika mwisho wa mapafu, na nyingine hupenya hadi kwenye damu, ndiyo maana zinahusishwa na shambulio la moyo na kiharusi na si kikohozi peke yake. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilishusha kiwango chake cha PM2.5: wastani wa mwaka usizidi maikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo, badala ya 10 za awali, na wastani wa siku usizidi 15. Shirika hilo hilo linakadiria kwamba asilimia 99 ya watu duniani wanavuta hewa iliyozidi viwango vyake. Basi hapa hatutafuti chumba chenye hewa ya peponi. Tunatafuta chenye nafuu.

Kando ya lami

Barabara kubwa za jiji zinajulikana: Nyerere, inayotoka mjini kupitia Mabatini na Nyakato hadi Igoma; Kenyatta, inayoshuka Mkuyuni, Nyegezi hadi Buhongwa; na Makongoro, ya kuelekea Kirumba na uwanja wa ndege. Chumba kinachotazamana na mojawapo kina faida ambazo hakuna haja ya kuzieleza. Unatoka mlangoni, unapanda haisi. Ukiwa na biashara, wateja wanakuona.

Hasara yake ni malori na mabasi ya dizeli, na zaidi ya yote yale yanayosimama huku injini inaunguruma. Ndiyo maana naogopa zaidi chumba kilicho jirani na kituo, tuta la barabarani au mwinuko ambapo lori linabadilisha gia, kuliko chumba kilicho kwenye kipande kirefu ambacho magari yanapita tu. Vivyo hivyo na nyumba zinazopakana na stendi za mabasi za Nyegezi na Nyamhongolo: mabasi ya safari ndefu huwashwa alfajiri, wakati hewa bado nzito na haijaanza kusogea, nawe umelala dirisha wazi.

Lakini moshi wa barabarani una udhaifu ambao mpangaji anaweza kuutumia. Masizi na zile chembe ndogo kabisa zinazotoka kwenye bomba la gari hupungua haraka ukiacha barabara: mita 100 za mwanzo zinaleta tofauti kubwa, na ukifika mita 300 hivi sehemu kubwa imeshachanganyika na hewa ya kawaida ya mji. Hiyo maana yake ni kwamba si lazima uhame mtaa. Nyumba ya safu ya tatu au ya nne kutoka lami, yenye nyumba nyingine zinazoikinga, ni jambo tofauti kabisa na ile ya mbele, na mara nyingi kodi yake ni ndogo kwa sababu haina nafasi ya fremu ya duka. Dalali atakuonyesha ya mbele kwanza. Mwambie akupeleke nyuma.

Angalizo moja: ukirudi nyuma mpaka kwenye barabara ya vumbi inayopitisha bodaboda na toyo za mchanga siku nzima, umebadilisha masizi kwa vumbi. Ningechukua vumbi, maana linatua na linafutika, ila mwenye pumu anaweza kuona tofauti.

Mlimani, kwenye mawe

Isamilo, Bugarika, Igogo, na vilima vingine ambavyo nyumba zimeng'ang'ania miamba. Watu wengi huamini huku juu hewa ni safi moja kwa moja, na ukisimama kwenye jiwe ukatazama ghuba saa tisa alasiri utakubali. Rudi saa moja jioni.

Jioni kila mlango una jiko la mkaa. Nyumba zimebanana, njia ya kupita ni upana wa mtu mmoja na ndoo, na jiko la jirani liko hatua mbili kutoka dirisha lako. Jiko hilo linakuletea moshi kuliko lori lililo mita 300 chini huko, hasa dakika zile za kuwasha, mkaa ukiwa bado haujashika na mtu anapepea kwa kifuniko cha sufuria.

Kisha kuna suala la usiku. Jua likizama, hewa iliyogusa mawe na mabati hupoa, huwa nzito, na hutiririka kufuata mteremko. Inabeba moshi wa jioni na kuurundika chini, kwenye mabonde kama lile la Mto Mirongo. Kwa hiyo ukisema "mlimani" bado hujasema kitu. Nyumba za juu kabisa zinapata nafuu ya kweli usiku. Za katikati zinapokea za juu na kupitisha. Za bondeni, ambazo dalali bado anaziita za mlimani kwa sababu ziko kata ile ile, ndizo zinazolala ndani ya moshi wa wote.

Juu kuna gharama zake ambazo hazihusu hewa lakini zitakufuata: maji kupandishwa, mtungi wa gesi kubebwa begani, bodaboda kuishia pale ngazi zinapoanza. Na uangalie kama jirani anapasua kokoto. Vumbi la mwamba wa aina ya matale yetu lina madini ya silika, na huwa baya kwa mapafu ya mtu anayelivuta mwaka baada ya mwaka. Wapo pia wanaopasua jiwe kwa kulichomea matairi. Ukiona jiwe jeusi lenye nyufa mpya karibu na nyumba, usilipe chochote kwanza.

Ukingoni mwa ziwa

Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake huinuka, na ile ya ziwani huja kujaza nafasi. Ndiyo ule upepo unaoanza kabla ya saa sita na kupata nguvu alasiri. Umepita juu ya maji matupu, haujakutana na jiko wala bomba la gari. Chumba cha Luchelele, cha Kitangiri au cha Igombe chenye dirisha linalotazama ziwa kinapata hewa nzuri kuliko yoyote jijini kwa saa hizo.

Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa haraka, maji hubaki na joto, na upepo sasa unatoka mjini kwenda ziwani. Moshi wa jioni wa mitaa ya juu unapita kwako ukienda majini. Mtu anayefanya kazi mjini mchana na kulala ziwani usiku, basi, anakosa zile saa nzuri anazozilipia. Mama anayeshinda nyumbani na mtoto anazipata zote. Hili ndilo ambalo ningemwomba kila mpangaji alifikirie: linganisha vyumba kwa saa utakazokuwa ndani, si kwa saa uliyokwenda kukiona.

Kirumba ni habari ya peke yake. Karibu na soko la samaki la Mwaloni kuna samaki wanaokaushwa, wanaobanikwa na wanaokaangwa, kuna malori ya kubeba dagaa, kuna injini za mitumbwi. Moshi wa kubanika ni moshi wa kuni kama mwingine, hata kama unanukia vizuri. Capri Point wana maji pande tatu na msongamano mdogo wa nyumba, ila kodi ya huko si ya wasomaji wengi wa ulinganisho huu.

Kuanzia Juni hadi Septemba, kabla ya vuli, tofauti za mitaa hupungua. Mvua hakuna ya kuosha hewa, mashamba na vichaka vinachomwa mbali na jiji, na ukungu ule wa rangi ya kijivu unaoficha upande wa pili wa ghuba unakuwa juu ya wote. Miezi hiyo dirisha lina umuhimu kuliko mtaa.

Dirisha na dari

Hapa ndipo pesa kidogo inafanya kazi kubwa.

Madirisha yakiwa wazi, hewa ya chumba hubadilika mara kadhaa kwa saa na kiasi cha PM2.5 ndani kinakaribia sawa na cha nje. Hakuna maajabu. Nyumba iliyofungwa vizuri inaweza kushusha hadi nusu hivi ya kilicho nje, kwa sababu hewa inaingia polepole na chembe zinapata muda wa kuganda ukutani. Neno la kuzingatia ni "vizuri".

Dirisha la luva, vile vioo vinavyopandana kama magamba ya sato, halifungi. Hata ukivuta mkono wake mpaka mwisho, kila kioo kinaacha mwanya, na baada ya miaka miwili kimoja kimekatika na kuzibwa kwa boksi. Dirisha la aluminiamu la kusukuma linafunga vyema zaidi, mradi ile brashi ya pembeni haijanyofoka. Vuta pazia, pitisha kiganja ukingoni wakati wa upepo, utahisi. La mbao lililotengenezwa na fundi mzuri si baya, lakini ukilifunga uko gizani.

Wavu wa mbu usikudanganye. Tundu lake lina upana wa zaidi ya milimita 1, yaani mamia ya mara ya chembe tunayoizungumzia. Unazuia mbu, na kwa Mwanza hiyo ni kazi kubwa ya kutosha, usiutoe.

Ila kabla ya dirisha, tazama juu. Nyumba nyingi za kupanga zina nafasi kati ya ukuta na bati, na chumba kisicho na dari kimeunganishwa na vyumba vyote vya korido kwa kupitia kenchi. Jirani akiunguza maharage chumba namba nne, wewe wa namba moja unajua. Katika chumba kama hicho kufunga dirisha hakubadilishi karibu chochote, na hata aluminiamu mpya ni pambo. Ukipewa kuchagua kati ya chumba cha luva chenye dari iliyozibwa na chumba cha aluminiamu kisicho na dari, chukua cha kwanza.

Baada ya hapo ni ratiba, nayo haina gharama. Funga asubuhi kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu, magari yanapokuwa mengi na hewa bado imelala. Fungua kuanzia saa tano au sita, upepo wa ziwa ukianza, na uache wazi alasiri yote ili chumba kitoe kilichojikusanya. Funga tena majiko yanapowashwa. Utasumbuka na joto kidogo saa mbili usiku, lakini mbu nao watakuwa wamebaki nje.

Kuna sharti moja lisilo na mjadala. Usifunge kamwe kama kuna jiko la mkaa linawaka ndani, hata kama limebaki makaa tu. Gesi yake, monoksidi ya kaboni, haina harufu na inaua watu usingizini.

Vifaa vya dukani

Pangaboi linazungusha hewa uliyonayo. Halisafishi kitu, na likiwa na vumbi kwenye mapanga yake linakurudishia. Kiyoyozi cha ukutani nacho huzungusha hewa ya ndani ile ile. Kichujio chake cha plastiki kinakamata nyuzi na vumbi kubwa. Faida yake kwa hewa ni moja ya pembeni: kinakuruhusu kufunga madirisha bila kuiva.

Mashine ya kusafisha hewa yenye kichujio cha HEPA inafanya kazi kweli. Kichujio cha daraja hilo hukamata angalau asilimia 99.97 ya chembe za maikromita 0.3. Lakini mashine inasafisha kiasi fulani cha hewa kwa saa, na namba hiyo lazima iendane na chumba. Chumba cha mita 3.5 kwa 3.5 chenye kimo cha mita 3 kina hewa ya mita za ujazo 37 hivi; ukitaka ipite kwenye mashine mara 5 kwa saa, tafuta iliyoandikwa angalau mita za ujazo 185 kwa saa. Muuzaji akikuonyesha kidude cha mezani kisicho na namba hiyo, rudisha. Uliza pia bei ya kichujio cha akiba, na kama kinapatikana Mwanza au mpaka kiagizwe. Mashine ndani ya chumba cha luva kisicho na dari ni sawa na kupoteza umeme. Ningeinunua kwa mwenye pumu tu, kwa chumba cha kulala tu, baada ya kuziba dari.

Maua ya sebuleni ni mazuri kwa macho.

Ufagio mkavu hurudisha hewani kilichokwisha kutua. Tambara bichi sakafuni na kwenye kingo za dirisha, basi. Kumwagia maji uwanja wa vumbi mbele ya mlango husaidia kwa saa chache za kiangazi.

Na kabla hujalaumu barabara, hesabu unachowasha mwenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulipima dawa za mbu za kuwasha na kukuta kipande kimoja kinatoa PM2.5 sawa na sigara 75 hadi 137. Mtu amefunga madirisha kukwepa moshi wa jirani, halafu amewasha hiyo chini ya kitanda hadi asubuhi. Chandarua kinafanya kazi ile ile bila moshi. Kuhusu kupika, Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Wewe mpangaji huna haja ya kungoja 2034: korido ambayo wapangaji wengi wana mitungi ya gesi ina thamani kuliko dirisha la kuangalia ziwa.

Ningechagua nini

Mwenye mtoto mchanga anayeshinda nyumbani: ukingo wa ziwa mbali na Mwaloni, au juu kabisa mlimani kama anaweza kubeba maji. Anayetoka alfajiri na kurudi usiku: safu ya tatu nyuma ya lami, chumba chenye dari, na asilipe ziada kwa ajili ya ziwa. Mfanyabiashara anayetaka fremu mbele na chumba nyuma apange, ila kitanda kiwe chumba cha nyuma na ule mlango wa katikati ufungwe wakati wa msongamano. Mwenye pumu aepuke kwanza bonde, kisha stendi, kisha korido ya mkaa, kwa mpangilio huo.

Kukagua si kazi ngumu. Nenda mara ya pili saa moja jioni, hata kama dalali ananung'unika. Chukua tishu nyeupe, iloweshe, pangusa nondo za dirisha. Ikitoka na rangi ya kahawia na ukisugua unahisi mchanga, ni vumbi la barabara. Ikitoka nyeusi na kupakaa vidoleni kama wino, ni masizi. Inua macho utazame pembe za ukuta na bati. Salimia jirani, "Shikamoo mama, hapa mnapikia nini?", atakueleza zaidi ya dalali.

Ukiona nafasi ya juu iko wazi, mwambie mwenye nyumba aizibe au aweke dari kabla hujatoa kodi. Wengi wao wanataka miezi sita mkononi, na fundi wa siku moja si hoja kubwa wakati fedha bado iko mfukoni mwako. Ukishalipa, utaambiwa subiri mwezi ujao.